Naomba ushauri: kupanga nyimbo za mama asiyeona vizuri kwenye flashi ya redio

BintiWaNansio (Kirumba, Mwanza) ameuliza:

Ndugu zangu, habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo pengine litaonekana dogo kwa wengine, lakini nyumbani kwetu limekuwa kubwa.

Mama yangu ana miaka 71. Alizaliwa Ukerewe, akaolewa hapa Mwanza, na kwa miaka mingi aliuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tangu mwaka juzi macho yake yamefifia kwa ugonjwa wa presha ya macho, kiasi kwamba sasa anaona mwanga na vivuli tu, na hawezi kusoma kioo cha simu wala namba zinazowaka kwenye redio. Muziki ndiyo starehe kubwa aliyobaki nayo. Nilimnunulia redio ndogo ya kuchaji yenye tundu la flashi, kisha nikaenda kwenye kibanda kimoja mjini nikajaziwa nyimbo. Kijana aliyenihudumia aliniambia kwamba amenipa nyimbo 1,140, nami nikafurahi nikidhani nimemaliza kazi.

Tatizo ni kwamba nyimbo hizo zimemwagwa humo bila utaratibu wowote. Baada ya Marijani Rajab inafuata singeli, baada ya singeli inafuata kwaya, halafu unarudi wimbo uleule wa Marijani, safari hii ukiwa umekatwa kabla haujafika mwisho. Nyingine zina sauti ya DJ anayejitangaza jina juu ya mwimbaji. Mama akitaka wimbo fulani hana njia nyingine isipokuwa kubonyeza kitufe cha kwenda mbele hadi aukute. Juzi jioni nilikaa karibu naye nikachambua mchele huku nikihesabu kimya kimya: alibonyeza mara 43, kisha akaizima redio, akaisogeza chini ya kiti, akasema, "Basi, nitausikia siku nyingine." Wimbo aliokuwa akiutafuta ulikuwemo. Niliukuta baadaye kwenye kompyuta, ulikuwa wa 612, umeandikwa "Track 07".

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza, nizipangeje nyimbo hizi ili mtu asiyeona aweze kuufikia wimbo anaoutaka bila kuniita kila mara? La pili, ni nyimbo zipi za wakati wake ambazo hazipaswi kukosekana, hasa muziki wa dansi wa zamani na muziki wa huku kwetu kandokando ya ziwa? Mimi nilizaliwa mwaka 1990, nazijua zile zinazopigwa sana redioni tu, na ninapomuuliza yeye hutaja kipande cha maneno bila jina la bendi.

FundiRedio (Igoma) amejibu:

Dada, pole kwa mama kuuguliwa macho. Mimi hutengeneza redio na spika, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza, na la pili nawaachia wenye kumbukumbu kuliko mimi.

Kwanza elewa jinsi redio hizi ndogo zinavyosoma flashi, kwa sababu watu wengi hupoteza muda hapa. Nyingi kati yake hazipangi nyimbo kwa majina. Zinafuata mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi, yaani lililoingia kwanza ndilo linalopigwa kwanza, hata kama jina lake linaanza na herufi Z. Kompyuta hukuonyesha mafaili kwa alfabeti, ukadhani umeshapanga, lakini ukiichomeka flashi kwenye redio unakuta mpangilio mwingine kabisa. Nimeona wateja wanaokaa usiku kucha wakibadilisha majina ya nyimbo, na asubuhi wanaleta redio kwangu wakisema imeharibika.

Nakushauri uhamishie kila kitu kwenye kompyuta kwanza, kisha ufomati flashi kwa mfumo wa FAT32, kwa kuwa redio nyingi ndogo, na hata za magari, hazisomi mifumo mingine. Panga folda zako huko huko kwenye kompyuta, uzipe namba za tarakimu mbili kama 01, 02, 03, kwa sababu ukiandika 1, 2, 3 vifaa vinavyofuata majina vitaiweka 10 mbele ya 2. Fanya vivyo hivyo kwa nyimbo zilizomo ndani. Baada ya hapo hamishia folda moja moja kwenye flashi, uisubiri ya kwanza ikamilike ndipo uweke ya pili. Ukizikokota zote kwa pamoja huna uhakika ni ipi itakayotangulia.

Idadi ipunguze bila huruma. Nyimbo 1,140 kwa kitufe kimoja ni mateso kwa mtu yeyote, sembuse asiyeona. Folda sita au saba zenye nyimbo kama kumi na tano kila moja zinatosha kabisa, na zile nyingine uzihifadhi kwenye kompyuta ili kila baada ya miezi michache ubadilishe baadhi.

Sasa jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote. Mwanzoni mwa kila folda weka faili fupi la sauti ya mtu linalotaja kilichomo. Rekodi kwa simu, sekunde nne au tano zinatosha, mahali pasipo na upepo wala kelele za bodaboda. Simu nyingi hurekodi kwa aina ya faili ambayo redio ndogo haiisomi, kwa hiyo libadilishe kuwa MP3, ulipe namba 00 na ulinakili kabla ya nyimbo za folda hiyo. Nilimfanyia hivyo mzee mmoja mteja wangu ambaye haoni kabisa, na tangu hapo hajawahi kuomba msaada wa kutafuta wimbo. Kama redio ya mama ina kitufe cha kuruka folda, dondoshea tone dogo la gundi ngumu juu yake, uliache likauke liwe kama kipele, ili kidole chake kikitambue.

Kuna suala la ubora pia. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1 kwa kila dakika ya muziki, kwa hiyo hata flashi ya GB 8 ingeweza kubeba nyimbo zako zote. Nafasi siyo tatizo, na hakuna sababu ya kukubali nyimbo zilizobanwa mpaka toazi likasikika kama maji ya bomba. Wimbo ukishabanwa vibaya haurudi. Kuubadilisha kuwa kilobiti 320 huongeza ukubwa wa faili tu. Mwisho, nyimbo za zamani hutoka kwa sauti ya chini na za sasa kwa sauti ya juu mno, jambo ambalo humshtua mtu aliyesinzia. Ipo programu ya bure iitwayo MP3Gain, ambayo huzisawazisha zote. Iache kwenye desibeli 89 kama inavyokuja.

MzeeWaSanturi (Nyegezi) amejibu:

Marahaba, binti yangu. Mpe mama salamu zangu. Kwa umri huo yeye na mimi tumelelewa na redio moja, kwa sababu wakati wetu ilikuwepo Radio Tanzania Dar es Salaam tu, na ndiyo iliyorekodi karibu kila bendi nchini. Kama alizaliwa katikati ya miaka ya 1950, nyimbo zilizomkaa moyoni ni za tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka katikati ya miaka ya 1980. Ukianzia hapo hutapotea.

Wa kwanza ni Mbaraka Mwinshehe, na usiweke wimbo mmoja wake ukadhani umemmaliza. Alianza kujulikana na Morogoro Jazz, bendi iliyofika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano, na akafariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya akiwa bado kijana. Gita lake la solo mama atalitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wa pili ni huyo Marijani Rajab ambaye tayari unaye, Jabali la Muziki, aliyefariki mwaka 1995. Alipokuwa na Safari Trippers sauti yake ilikuwa ya kijana mwenye haraka, na alipokuwa na Dar International alikuwa ameshakuwa msimulizi kamili, anayekuelezea kisa kama mtu aliyekaa nawe barazani. Weka vipindi vyote viwili. Kisha NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, halafu OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra, waliozaliwa mwaka 1978, usiwaache hata kidogo. Ongeza Tabora Jazz, Western Jazz, Vijana Jazz ya Hemed Maneti na Maquis. Remmy Ongala na Super Matimila wawe na nafasi yao, maana huyo aliimba habari za kifo na za umaskini kwa namna ambayo kila mtu alijiona ametajwa. Alizaliwa Kindu, Kongo, akafia Dar es Salaam mwaka 2010, na kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa Kwa Remmy hadi leo.

Kuhusu kupanga, ushauri wangu ni kupanga kwa bendi, usipange kwa mwimbaji. Waimbaji wetu walikuwa wakihama. Hassani Bitchuka, kwa mfano, utamkuta JUWATA na utamkuta Mlimani Park, na ukimfuata yeye utachanganya vionjo viwili ambavyo mashabiki walikuwa wakibishania usiku kucha. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Msondo ni JUWATA, Sikinde ni Mlimani Park, Saboso ni Western Jazz, Segere Matata ni Tabora Jazz, Likembe ni Morogoro Jazz, na Mbaraka alipohama akaja na Masika. Binti, mtaje mama majina hayo ya mitindo. Inawezekana kabisa kwamba hakumbuki jina la wimbo wala la bendi, lakini ukimwambia "Segere Matata" atakwambia alikuwa amevaa gauni gani.

Sasa nina jambo moja la kukuomba kwa dhati, kwa sababu naona linaharibiwa kila mahali. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya utulivu, ambamo kisa kinaelezwa, na ya pili ni chemko, ambapo magita yanapokezana, tarumbeta zinajibu na watu wote wanakuwa wameshainuka vitini. Santuri ndogo ya wakati ule haikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja, kwa kuwa upande mmoja ulitosha dakika nne au tano hivi, kwa hiyo wimbo ulikatwa: kisa upande A, chemko upande B. Ulipokuwa nyumbani ulisimama, ukaigeuza santuri, ukaweka sindano tena. Leo watu wamehamisha kila upande kuwa faili lake, wakaliita la kwanza sehemu ya kwanza na la pili sehemu ya pili, na vibandani huko wanalitupa la pili wakidhani ni marudio. Ndiyo maana unasema baadhi ya nyimbo zimekatwa. Hazikuharibika, zimenyang'anywa chemko. Mara nyingi wimbo huohuo ulirekodiwa pia na Radio Tanzania bila kukatwa, hivyo ukikuta wenye dakika nane au tisa mfululizo, huo ndio wa kuchukua, hata kama una mkwaruzo.

Zile zenye sauti ya DJ zifute zote. Usimfanye mama asikilize jina la mtu mwingine juu ya sauti ya Marijani.

DadaWaMusoma amejibu:

Shikamoo, mzee wangu wa Nyegezi, nimejifunza mengi katika maelezo yako, hasa hilo la santuri kukatwa. Hata hivyo naomba nitofautiane nawe kwenye kupanga. Kupanga kwa bendi ni kwa mkusanyaji kama wewe, ambaye anaamka akijua kwamba leo anataka Western Jazz. Mama huyu anatafuta kitu cha kusikiliza wakati anachambua maharage, au wakati usingizi haujaja. Marehemu bibi yangu naye alipoteza macho uzeeni, nami nilimpangia nyimbo kwa saa za siku: za alfajiri, za mchana wa kazi, za jioni, za usiku na za Jumapili. Ndani ya folda ya jioni bendi zilikaa pamoja kama unavyotaka mzee, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa ni saa. Bibi alikuwa hahitaji kukumbuka jina lolote.

Kuhusu muziki wa huku kwetu, dada, anza na Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz. Watu wengi humhesabu kuwa Mkenya kwa sababu huko ndiko alikofanyia kazi na ndiko alikofariki, mjini Kisumu, mwaka 2006, lakini alizaliwa upande huu wetu, karibu na Shirati, mkoani Mara. Benga yake, yaani muziki wa gita wa Waluo, utaitambua kwa gita linalodonoa nyuzi moja moja kwa kasi, kwa namna ileile ambayo wazee hupiga nyatiti, ambayo ina nyuzi nane na mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akiligonga nayo gogo la chombo ili kupata mdundo. Ukiisikiliza nyatiti kwanza, kisha ukasikiliza benga, utagundua kwamba gita la umeme limekaa palepale pa nyuzi zile. Viweke viwili hivyo kwa kufuatana, mama atafurahi.

Kisha mweke Saida Karoli wa Bukoba, aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuimba Kihaya, na nchi nzima ikaimba naye bila kuelewa maneno. Huyo ni wa mchana, wakati wa kazi za mikono. Tafuta pia litungu la Wakurya, chombo chenye sauti nzito inayotetemesha kifua. Nakushauri lisiwe la usiku. Kwa Jumapili zipo kwaya za kanisa la AIC, ya Makongoro hapohapo Mwanza na ya Chang'ombe ya Dar es Salaam, na ukifika kanisani kwenu waulize wanakwaya wenyewe, kwa sababu nyingi huuza kazi zao na fedha hiyo ndiyo inayorekodi albamu inayofuata.

Ngoma za Kisukuma sitakudanganya kwamba zinanoga sana kwenye redio ndogo, kwa sababu nusu ya utamu wake ni vumbi na wachezaji. Ila Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi Juni huwa kuna sherehe ya ngoma iitwayo Bulabo, na vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana wakicheza kwa wakati mmoja, mshindi akiwa ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mpeleke mama. Hahitaji macho kujua umati umehamia wapi. Ukiwa pale rekodi ngoma ya bugobogobo dakika kumi kwa simu yako, uisogeze mbali kidogo na ngoma kubwa ili sauti isipasuke. Rekodi hiyo atakayosikia ndani yake akikohoa yeye mwenyewe, atairudia kuliko zote.

BintiWaNansio ameandika:

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Mzee, shikamoo. Nimepekua mafaili yote kama ulivyoelekeza na nimekuta nyimbo 19 zilizogawanywa sehemu mbili, na saba kati ya hizo zina sehemu ya kwanza tu. Fundi, je, inawezekana kuziunganisha sehemu hizo mbili ziwe faili moja, au nizifuatanishe tu? Nimejaribu kuzifuatanisha na kati yake kuna kimya kirefu kinachomfanya mama adhani wimbo umeisha, akaruka mbele.

FundiRedio amejibu:

Ziunganishe. Tumia programu ya Audacity, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu. Ingiza sehemu ya kwanza, sogea mwisho kabisa ambapo sauti inaanza kufifia, kisha bandika sehemu ya pili. Usisubiri kukata hadi pale sauti inapotokomea kabisa. Kata kidogo kabla ya kufifia, palipo na pigo la kwanza la ngoma, na sehemu ya pili ianze kwenye pigo kama hilohilo. Hesabu moja, mbili, tatu, nne kwa mdomo huku ukisikiliza, usiangalie michoro ya mawimbi peke yake. Wimbo wa kwanza utakuchukua nusu saa, wa tano utakuchukua dakika tano. Katika baadhi ya santuri upande wa pili unarudia maneno machache ya mwisho ya upande wa kwanza, na marudio hayo unaweza kuyaondoa. Mkwaruzo uache. Ukijaribu kuusafisha sana, na toazi linaondoka nao.

BintiWaNansio ameandika tena, baada ya majuma mawili:

Ndugu zangu, narudi kuwapa taarifa.

Nimebaki na nyimbo 104. Nimefuata saa za siku kama alivyoshauri dada wa Musoma, na ndani ya kila saa nimefuata bendi kama alivyoshauri mzee: Alfajiri, Kazi za Mikono, Jioni, Usiku, Jumapili na Ziwani. Jioni ndiyo kubwa kuliko zote, ina Morogoro Jazz, Super Volcano, Safari Trippers, Dar International na Mlimani Park, kwa mfuatano huo. Mitindo aliyoitaja mzee nilimtajia mama mmoja baada ya mwingine wakati namsuka nywele. Saboso hakusema kitu. Nilipofika Segere Matata alicheka, akaimba beti mbili nzima za wimbo ambao nilikuwa nimeshaufuta kwa kudhani hauna mwenyewe.

Sauti za kutambulisha nilikuwa nimezirekodi mimi, nikisema "folda ya kwanza, folda ya pili". Mama alisikiliza mbili akaniambia hapana, akataka azirekodi yeye. Tulifunga madirisha, tukamsubiri jirani amalize kusaga, na akazisema zote sita bila kurudia. Kwenye Usiku amesema, "Watu wamelala, punguza sauti." Kwenye Ziwani amesema kwa Kikerewe maneno ambayo babu yake alikuwa akiwaita nayo watoto mtumbwi ulipokuwa unakaribia mwalo. Gundi nimeidondoshea juu ya kitufe cha folda na imekauka vizuri. Jana aliwasha redio akiwa peke yake, akabonyeza mara mbili, akaketi.

Kuna marekebisho mawili tu yaliyojitokeza. La kwanza, siku ya tatu aliuliza singeli imekwenda wapi. Kumbe mjukuu wake wa miaka minne huja kuicheza mbele yake kila akitoka shule, naye hukaa akisikiliza miguu ya mtoto sakafuni. Nimeongeza folda ya 07 yenye singeli nane, na sauti ya kuitambulisha ameirekodi mtoto mwenyewe. La pili, ule wimbo wa Tabora Jazz alioniimbia, nimeurudisha lakini nina sehemu ya kwanza peke yake, na kila ukifika pale unapokatika yeye huendelea na chemko kwa mdomo. Mzee wangu, kwa kuwa umesema una santuri, je, unaweza kunitafutia upande wa pili?

MzeeWaSanturi amejibu:

Binti yangu, nimeelewa ni wimbo gani kwa jinsi ulivyoeleza mahali unapokatika. Santuri hiyo ninayo, upande wa kwanza umechakaa kwa kupigwa, lakini huo wa pili ni mzima. Jumamosi baada ya saa nne nitakuwa nyumbani. Nitumie ujumbe nikuelekeze njia, uje na kompyuta yako na waya wa kurekodia, na kama mama anaweza kupanda daladala, njoo naye, nitaipiga mzima, pande zote mbili, kabla hatujairekodi.

FundiRedio amejibu:

Waya nitaleta mimi. Nina ule wa kutoka kwenye gramafoni kwenda kwenye kompyuta, na nitakuja na sindano mpya pia, maana nina shaka na iliyopo.